Bao la simu liende kwa mistari inayosomeka

Vijana wanaotengeneza michezo ya simu huku pwani wana ugonjwa mmoja unaofanana. Wakishachora ubao ukapendeza, suala la simu mbili kuzungumza huliacha mwisho, wakidhani ni kazi ya jioni moja. Huokota maktaba ya bure, simu moja ikawa inamtumia mwenzake picha nzima ya ubao kila zamu inapoisha, na kwa kuwa simu zote mbili ziko meza moja, Wi-Fi moja, mambo huenda sawa. Kisha hapa Lamu mmoja huenda kijiji cha Shela, mwingine akabaki mtaa wa Langoni, na ghafla bao lina kete 63.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete 64. Hakuna kete inayotoka mchezoni: inayoliwa husambazwa upande wa aliyeila. Jumla ya zilizo ubaoni na zilizo mkononi ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho. Programu ikipata 63, ama imekosea hesabu, ama ujumbe umepotea njiani, ama kuna mtu anaiba. Ubaya ni kwamba kwa namna vijana wetu wanavyounganisha simu zao, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo matatu. Ukitazama kilichopita kwenye waya unaona rundo la mabano na alama za nukuu, au baiti, yaani vipande vya data, zisizosomeka kabisa.

Ninachodai ni kwamba mchezo wa zamu kama bao uendeshwe kwa itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya mashine, ya maandishi matupu, mstari mmoja kwa jambo moja, na kila mstari ubebe nia ya mchezaji peke yake. Matokeo ya nia hiyo ni kazi ya seva, mashine inayokaa katikati ya simu mbili. Na maandishi hayo yawe na masharti makali, makali kuliko wengi wanavyodhani maandishi yanastahili.

Kuna dhana kwamba maandishi ni ushamba, kwamba mtaalamu wa kweli hupanga baiti. Tazama basi waliotangulia. MUD, mchezo wa watu wengi ulioanzishwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, ulikuwa maandishi matupu: unaandika amri, unasomewa unachokiona. SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na mpaka leo seva za barua husalimiana kwa mistari ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. IRC, itifaki ya soga ya Jarkko Oikarinen, ilizaliwa Finland mwaka 1988, na waraka wake wa 1993 ukaweka mpaka wa baiti 512 kwa ujumbe, pamoja na alama za mwisho wa mstari. Kwenye sataranji kuna UCI, ya Novemba 2000: programu inayofikiri na programu inayochora ubao huongea kwa mistari ya maneno. Stockfish, mojawapo ya injini kali kabisa za leo, inaongea hivyo hivyo. Hakuna anayeiita ya kishamba.

Pingamizi la kwanza siku zote ni ukubwa. Bando ni pesa, utaambiwa, kwa nini tupoteze herufi? Haya, tuhesabu. Mchezaji anataka kuweka kete shimo la sita la safu ya mbele, ikiwa ni hatua ya 14 ya mchezo, na kete atakazokula zianzie kichwa cha kulia, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele upande huo. Mstari wake ni huu:

CHEZA 14 M6 KULIA

Pamoja na nafasi na alama ya mstari mpya, ni baiti 18. Mpenda baiti atasema hayo yote yanaingia kwenye baiti tatu, na ni kweli. Ila kila pakiti ya TCP juu ya IPv4, itifaki zinazobeba data mtandaoni, huwa na vichwa (maelezo ya safari yake) visivyopungua baiti 40 kabla hujatia neno lako hata moja. Ugomvi wetu kumbe ni wa baiti 58 dhidi ya 43, kwa zamu ambayo mchezaji amekaa nusu dakika akikuna ndevu. Picha moja ya kumtakia mtu Ijumaa njema kwenye WhatsApp hugharimu zaidi ya mashindano mazima.

Mchezo wa risasi ni habari nyingine. Pale mahali alipo kila mtu hubadilika mara nyingi kwa sekunde, na habari iliyochelewa haina faida tena. Ndiyo maana mchezo wa QuakeWorld wa 1996 ulikwenda kwa UDP, itifaki inayotuma bila kusubiri uthibitisho, programu ya mchezaji ikawa inabashiri mwendo wake yenyewe kabla seva haijajibu. Anayetengeneza mchezo wa namna hiyo aachane na ushauri wangu. Bao, dhumna, karata na sataranji havina haraka hiyo.

Kuna watakaosema JSON, ile namna ya kupanga data kwa mabano na alama za nukuu, nayo ni maandishi. Ni kweli, na kwa mambo mengine naitumia bila kinyongo. Lakini kwa mchezo wenye amri chache ni kuvaa koti kwenda kuogelea. Tena ina upenyo: mtu akiandika shimo mara mbili ndani ya kitu kimoja, kwanza 5 halafu 6, kiwango chenyewe kinakiri kwamba programu tofauti zitafanya mambo tofauti. Simu ishike la kwanza, seva ishike la mwisho, tayari mna mabao mawili. Mstari wenye maneno manne katika mpangilio mmoja hauna nafasi ya kusomwa namna mbili.

Tuje sasa kwenye kinachoangusha wengi. TCP haijui mstari ni nini. Inachoahidi ni kwamba baiti zitafika zote na kwa mpangilio. Haikuahidi kwamba ulichotuma kwa mkupuo mmoja kitapokewa kwa mkupuo mmoja. Simu ya Shela imetuma hatua yake, na sekunde chache baadaye ikatuma neno la kujitambulisha kwamba bado ipo. Seva inaposoma mara ya kwanza inapata

CHEZA 14 M6 KU

na inaposoma tena inapata

LIA
NIPO

Programu iliyoandikwa kwa imani kwamba kusoma mara moja ni ujumbe mmoja itakataa upande wa KU kwa sababu haupo, kisha itashangaa amri ya LIA, na NIPO itapotelea humo humo. Mezani Langoni hili halitokei, kwa kuwa baiti 18 kwenye Wi-Fi moja hufika pamoja takriban siku zote. Ndiyo maana kijana anaapa kwamba programu yake haina kasoro. Dawa ni bafa, sehemu ya kumbukumbu ya kushikilia kilichofika, kwa kila mchezaji: kila kinachofika kibandikwe mwishoni mwa bafa, kisha kata kila palipo na alama ya mstari mpya, kipande kilichobaki bila alama kisubiri wenzake. Ni mistari michache ya msimbo, lakini ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo ningeomba nioneshwe na yeyote anayeniambia mchezo wake uko tayari.

Bafa hiyo iwe na mpaka. Bila mpaka, mtundu mmoja atatuma herufi A mfululizo bila kuvuka mstari hadi kumbukumbu ya seva ijae. Baiti 512 za IRC zinatosha na kubaki. Anayezidisha akatwe, asielezwe sana. Na upande wa kutuma, unga mstari wote kwanza ndipo uutume. Ukiandika CHEZA peke yake, kisha namba peke yake, utaratibu uliobuniwa na John Nagle mwaka 1984 wa kuzuia pakiti ndogondogo unaweza kukishikilia kipande cha pili mpaka cha kwanza kithibitishwe, nawe utalaumu kampuni ya simu bure.

Mwisho wa mstari nao unataka uamuzi mmoja usio na mjadala. Mifumo mingine humaliza mstari kwa alama moja, mingine kwa mbili, na tabia ya wapole ni kukubali zote. Desemba 2023 watafiti wa usalama walionyesha upole huo unavyogharimu: seva mbili za barua pepe zilizotofautiana juu ya alama gani hasa zinamaliza ujumbe ziliweza kudanganywa, barua moja ikaingia kama mbili, ya pili ikiwa na jina la mtumaji wa kughushi. Itifaki iliyokuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, imekaguliwa na kila mtu, ikaponzwa na alama ya kuvuka mstari. Kwa bao letu, alama ya mstari mpya iwe moja, baiti namba 10, na baiti namba 13 ikionekana popote mstari ukataliwe.

Hapo pia ndipo wanapoingilia wezi wa majina. Mchezaji akiruhusiwa kuandika jina lolote, kuna siku atatia alama ya mstari mpya katikati ya jina, na baada yake CHEZA 15 M2 KUSHOTO. Seva itakapolitangaza jina hilo kwa wengine, simu zao zitaona mistari miwili, wa pili ukijifanya ni hatua halali. Kwa hiyo jina likaguliwe linapoingia, na lisitoke seva bila kukaguliwa tena. Herufi za Kiarabu hazina shida hapa. Katika UTF-8, namna ya kuandika herufi kwa baiti, kila herufi iliyo nje ya zile 128 za msingi za ASCII huundwa kwa baiti za 128 kwenda juu, hivyo baiti namba 10 haiwezi kujificha ndani yake. Anayetaka kuandika jina lake kwa hati waliyoandikia tungo zao wazee wa Lamu na Pate na aandike.

Postel huyo huyo wa barua pepe ndiye aliyeacha wosia maarufu, uliomo katika waraka wa TCP wa 1981: uwe mwangalifu katika unachofanya, uwe mpole katika unachopokea kwa wengine. Wosia huo uliusaidia mtandao kukua, sikatai. Ila upole wa leo ni deni la kesho. Programu moja ikituma kulia kwa herufi ndogo, seva ikakubali, kesho kuna simu ambazo haziwezi kufanya kazi na seva nyingine yoyote, na kosa limegeuka sheria. Mwaka 2023 Bodi ya Usanifu wa Intaneti nayo ilitoa waraka unaoonya kwamba uvumilivu wa aina hii huiozesha itifaki polepole. Mchezo mdogo una bahati ambayo mtandao mzima hauna: waandishi wa programu zake wanaweza kuketi baraza moja. Basi kataeni kila kisicho sawa, tangu siku ya kwanza, kwa sauti.

Kukataa kwenyewe kuwe na adabu ya SMTP: namba kwa ajili ya mashine, maneno kwa ajili ya mtu.

KATAA 14 52 Shimo hilo halina kete

Namba ya kwanza ni hatua, ya pili ni aina ya kosa. Katika barua pepe jibu linaloanza na 4 maana yake jaribu tena baadaye, la 5 maana yake usijisumbue, na mpango huo hauna sababu ya kubadilishwa. Maneno yanayofuata yanaweza kurekebishwa wakati wowote, kwa kuwa hakuna programu inayoruhusiwa kuyategemea.

Sasa kiini: kwa nini nia tu? Kwa sababu katika bao nia ni ndogo na matokeo ni makubwa. Mchezaji huchagua shimo na upande. Baada ya hapo kete husambazwa, hula, husambazwa tena, zamu moja ikazunguka ubao na kubadili nusu ya mashimo. Hakuna dadu, hakuna bahati. Anayejua kanuni na hali ya ubao anaweza kukokotoa mwisho wake mwenyewe. Simu ikituma matokeo, seva inabaki karani wa kupitisha uongo wa watu. Simu ikituma nia, seva inakokotoa, mpinzani anakokotoa, na mashabiki wanakokotoa, wote kutoka kwenye mstari mmoja. Seva iambatishe na alama fupi ya uhakiki ya ubao unaotokana na hatua hiyo, tuseme CRC ya herufi nane. Kumbuka jumla ya 64 haitoshi: kete zinaweza kutimia 64 na zikawa zimekaa mashimo mengine kabisa. Alama zikitofautiana, unajua ni hatua ipi hasa mlipoachana, na unarudia mchezo mzima kutoka kwenye faili la maandishi mpaka hapo. Kwenye lile bao la kete 63, tafutatafuta ya wiki nzima ingekuwa ya dakika chache.

Ukianza kuandika nia ndipo unapogundua kwamba hukuwa umeufikiria ubao. M6 ni la sita kutoka wapi? Wachezaji wamekaa uso kwa uso. Kushoto kwangu ni kulia kwako. Shimo langu la sita la mbele linatazamana na lako la tatu, na kwa jumla shimo langu la k linatazamana na lako la 9 kasoro k. Nyumba, shimo lenye hadhi ya pekee, ni la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ya kila mchezaji, hivyo nyumba mbili hazitazamani: yangu inatazama la nne la mwenzangu. Mwandishi mmoja akihesabu kwa jicho la mchezaji, mwingine kwa jicho la picha iliyo kwenye kioo, mchezo utaanza vizuri kabisa na kuharibika penye kula kwa mara ya kwanza. Nimependelea jicho la anayecheza, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema ubaoni, na mstari wa seva unamtaja:

TUKIO 14 KASKAZINI M6 KULIA 9f03c2ab

Kazi ya kugeuza kwa ajili ya mchoro ni ya simu. Isivuke waya.

Upande nao una mtego. Ukila kwenye kichwa au kimbi, shimo linalofuata kichwa, huna hiari: kete zinaanzia kichwa cha upande huo. Ukila kwenye mashimo manne ya katikati, unachagua. Je, mstari uache neno la upande pale lisipohitajika? Wengi watasema ndiyo, kwa kubana. Mimi nasema liandikwe kila mara, na likipingana na kanuni likataliwe, kwa kuwa neno lililopo nyakati fulani tu ndilo linalozaa makosa ya kusoma.

Halafu kuna nyumba yenyewe, ambayo ndiyo inayonifanya nilipende bao kama tatizo la uhandisi. Wakati wa kunamua, awamu ya kwanza ambapo kete za mkononi huingizwa ubaoni, mchezaji aliyekula akisambaza na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumba yake ambayo bado ni nyumba, anaruhusiwa kulala hapo, yaani kumaliza zamu, au kusafiri nayo, yaani kusambaza kete zake. Ni uamuzi katikati ya zamu. Mawazo ya haraka ni seva isimame, iulize, isubiri jibu, mashabiki nao wasubiri. Hapo umeongeza safari nzima ya kwenda na kurudi, hali mpya ya kati ambayo mtu anaweza kukatikiwa mtandao akiwa ndani yake, na swali la saa ni ya nani wakati huo. Ila ukitazama kanuni, uamuzi huo hauwezi kutokea zaidi ya mara moja katika zamu: akilala, zamu imekwisha, akisafiri, nyumba imevunjika na haitakuwa nyumba tena. Neno moja mwishoni mwa mstari linatosha.

CHEZA 14 M6 KULIA LALA

Simu inaweza kukokotoa mapema, ikaona njia inafika nyumbani, ikamwuliza mwenyewe kabla ya kutuma. Mchezaji mzuri huwa keshaiona kichwani. Waya hauhitaji kujua kwamba palikuwa na swali.

Katika kuhifadhi hali ya ubao, nyumba inadai haki yake pia. Orodha ya kete za mashimo 32 na zilizobaki mkononi haitoshi, kwani shimo la tano linaweza kuvunjwa na baadaye likajaa kete sita au zaidi bila kurudia hadhi yake. Mstari wa HALI lazima useme nyumba ya nani ingali hai. Hata hivyo bado ni mstari mmoja, na mtu anaweza kuupiga kwa mkono ili kujaribu hali ngumu: kusini ana kete sita nyumbani, mbili na mbili kulia kwake, 22 mkononi, kaskazini vivyo hivyo, haya anza.

Jambo jingine ambalo mchoraji wa picha hakulifikiria: zipo hali za ubao ambapo usambazaji haukomi, kete zinazunguka milele. Kwa binadamu ni nadra na wazee wana namna yao ya kuamua. Kwa seva ni mashine iliyoganda ikiwa na mabao mengine ya watu ndani yake. Iwekwe idadi ya juu ya kete kusambazwa katika zamu moja, iandikwe kwenye itifaki kama namba wanayoijua wote, na hatua inayoipita ikataliwe kwa namba yake ya kosa. Ikiwa mpaka huo uko ndani ya seva peke yake, simu ya mchezaji ndiyo itakayoganda.

Huku kwetu mtandao hukatika kwa sababu za kawaida kabisa. Mtu ameanza mchezo kwenye Wi-Fi ya hoteli, ameshuka gatini, amepanda boti ya Mokowe, simu imehamia kwenye data. Anwani yake imebadilika, na kwa kuwa muunganisho wa TCP hutambulika kwa anwani na poti za pande zote mbili, ule wa zamani umekufa. Seva haina habari. Kwenye Linux ukaguzi wa TCP yenyewe, tena ukiuwasha, kwa kawaida husubiri saa mbili kabla ya kuuliza kama upande wa pili upo. Basi itifaki ijiulizie: UPO, ijibiwe NIPO, na ukimya wa kitambo uhesabiwe ni kuondoka.

Kurudi ndiko kunakohitaji akili. Hatua ilitumwa, mtandao ukakatika kabla jibu halijafika. Je, seva iliipata? Simu haiwezi kujua, na kutuma tena kwa mchezo usio na namba ni kusambaza mara mbili. Hii ndiyo kazi ya ile 14. Mtu alipobisha HODI mwanzoni alikaribishwa kwa neno la siri, sasa anasema

NIMERUDI x7k2 13

maana yake niliona mpaka hatua ya 13. Seva inampa matukio yote yaliyofuata. Ikiwa 14 imo, simu inajua ilifika. Ikiwa haimo, inatuma tena. Na seva ikipokea 14 ile ile mara ya pili, yenye maneno yale yale, inajibu TUKIO lile lile bila kugusa kete. Ikija 14 yenye maneno tofauti, KATAA. Aliyefika Mokowe anaendelea na bao lake, mpinzani hakuona lolote zaidi ya ukimya mfupi. Muda uliopotea uhesabiwe kwenye saa ya aliyekatikiwa, ila apewe akiba moja ya dakika chache kwa mchezo mzima. Bila akiba watu wa visiwani wataonewa, na bila kikomo kuna watakaokatikiwa mtandao kila wanapozidiwa.

Mashabiki ni rahisi. Bao halina siri, na pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu kila anayepita huona kila kete na kutoa ushauri asioombwa. Mistari ya TUKIO ipelekwe kwa yeyote anayetaka, asiruhusiwe kutuma zaidi ya NIPO. Ushauri watapeana kwingine.

Anayetaka kuhamishia mpango huu kwenye dhumna ajihadhari hapo hapo. Dhumna zina upande uliofichwa, na nimeona michezo inayomtumia kila mchezaji mawe ya wote, simu ikiaminiwa kutoyaonyesha. Simu ni ya mchezaji. Atasoma kila kilichofika, kiwe maandishi au baiti. Seva ya dhumna lazima iandike mstari tofauti kwa kila mtu, na kisichomhusu kisitoke kabisa. Hili maandishi matupu yanalifichua mapema, kwa kuwa unaliona kwa macho siku ya kwanza ya majaribio. Katika baiti lingekaa miezi.

Nikisema matupu sisemi wazi kwa kila mtu njiani. Mistari hii ipite ndani ya TLS, usimbaji unaoficha mazungumzo njiani, kama inavyopita barua na benki. Maandishi yanabaki kuwa maandishi ndani ya bomba, na kwenye mashine ya majaribio unaweza kujiunga na seva kwa nc, programu ndogo ya kuandika moja kwa moja kwenye muunganisho, ukabisha HODI kwa vidole vyako, ukacheza bao zima dhidi ya seva bila mchoro wowote. Kabla ya kuchora shimo moja, mtengenezaji angeanzia hapo: watu wawili, vioo viwili vyeusi, na ubao wa mti katikati yao wa kusuluhisha mabishano.

Kanuni za bao hutofautiana mji na mji, na shinikizo la kwanza litakuwa kuziingiza zote. Toleo la kwanza libebe kanuni moja, iliyoandikwa mpaka kwenye kimbi cha mwisho, na HODI itaje jina la kanuni hiyo pamoja na namba ya toleo hata kama hakuna nyingine ya kuchagua. Nafasi hiyo kwenye mstari ikiwepo tangu mwanzo, wa Siyu na wa Unguja wataongeza zao baadaye bila kuvunja simu ya mtu. Isipokuwepo, mtakuja kuiongeza siku ambayo simu za zamani hazijui kuisoma.